Nyimbo za mdomo nazo zina wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya wasomaji niseme na walimu na wanafunzi wa vyuo vyetu vya hapa Pwani. Mimi nina duka la kupiga chapa na kujalidi hapa Tudor, na kabla ya kulifungua nilikuwa mkutubi hadi nilipostaafu. Tasnifu za wanafunzi nimezipanga kwenye rafu kwa miaka mingi, na sasa nazipokea zikiwa bado na joto la mashine. Nazipenda kazi hizi, na najua jasho linalomwagika ndani yake. Ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza.

Mjalidi hawezi kufanya kazi akiwa amefumba macho. Kabla ya kutia gundi lazima nifunue kila ukurasa, nione namba zinafuatana, nione jedwali halikukatwa ukingoni, nione sura ya tatu haikutangulia ya pili. Katika kufunua huko naona na mengine. Naona aya iliyoanza kwa herufi za aina moja ikageuka katikati kuwa za aina nyingine. Naona kivuli cha kijivu nyuma ya maneno, kile kinachobaki mtu anaponakili kutoka intaneti na kubandika bila kusafisha. Naona neno la buluu lililopigiwa mstari, na namba ndani ya mabano ya mraba, [14], [15], wakati tasnifu yenyewe haina orodha yoyote yenye namba. "Mama, hizo buluu ziondoe tu," huambiwa na kijana mwenye haraka. Siziondoi. Namrudishia flashi yake nikamwambia aende akatafute maneno yale yalitoka wapi, ayatie alama za kunukuu au ayaeleze kwa lugha yake, kisha amtaje mwenyewe.

Wizi wa namna hiyo walimu wanaujua na wanaukemea, nami nawaunga mkono. Leo nimekuja na jambo jingine ambalo sijasikia mtu akilikemea, maana hata msimamizi hulipitisha akidhani ni utaratibu mzuri.

Mwaka uliopita ililetwa dukani kwangu tasnifu kuhusu nyimbo za vugo za hapa Mombasa. Kwa msomaji wa bara asiyeijua, vugo ni ngoma ya harusi ya wanawake wa Kiswahili. Wanawake husimama, kila mmoja na pembe mkononi akiigonga kwa kijiti, kiongozi akatoa wimbo na wenzake wakampokea. Nilifurahi kuiona kazi ile, kwa sababu binti aliyeiandika nilimjua. Alikuwa akija nyumbani kwa mamangu mkubwa, Kibokoni, nyakati za alasiri baada ya sala, na mara nyingine mimi mwenyewe ndiye niliyewamiminia chai. Huweka simu juu ya mkeka, akaifungua irekodi, akasema, "Nyanya, niimbie ule wa jana." Na mamangu mkubwa, ambaye macho hayamsaidii tena lakini nyimbo zote anazo, humwimbia.

Sikilizeni alivyokuwa akimwimbia. Hatoi wimbo mtupu. Kwanza husema, "Huu nimeupokea kwa somo yangu," akamtaja kwa jina na mtaa wake, "naye aliupokea kwa mamake." Akifika katikati husimama: "Ubeti huu wa tatu si wa asili. Ulitiwa na jirani yetu hapa, siku ya harusi ya bintiye, alipochukizwa na maneno ya wakweze. Mimi nilikuwepo. Usilisahau jina lake, mjukuu wangu, maana amekufa na hakuacha kitu kingine." Palipokuwa na shaka alisema pana shaka: "Hapa mimi naimba hivi, lakini wenzetu wa mtaa wa pili huimba vingine, nenda ukawasikilize."

Mhariri, hicho alichokifanya mama yule kwenye mkeka ndicho wanafunzi wanachoambiwa wakifanye kwenye karatasi. Alitaja chanzo chake, akatenganisha maneno yake na ya mwenzake, akaonyesha palipo na tofauti ya mapokezi, na akamwelekeza mtafiti kwa shahidi mwingine. Hakusoma chuo kikuu, lakini amekulia katika mji ambao mtoto wa madrasa anajua hadithi ya Mtume haipokewi bila isnadi, fulani kasikia kwa fulani aliyesikia kwa fulani, na kwamba mmoja akiwa dhaifu katika mlolongo huo wanazuoni huishuku hadithi nzima. Ni mji ambao watunzi wa tenzi wana desturi ya kutia jina na tarehe katika beti za mwisho ili msomaji ajue nani kasema na lini.

Sasa nifungue tasnifu. Sura ya nne, nyimbo zimeandikwa vizuri, kwa hati safi, na chini ya kila wimbo kuna herufi na namba: M2, M4, M7. Mamangu mkubwa amekuwa M4. Somo yake hayupo. Jirani mwenye ubeti wa tatu hayupo. Nikarudi nyuma hadi sura ya pili, nikakuta imeandikwa kwamba nyimbo za vugo hazina watunzi maalumu, kwamba ni mali ya jamii nzima, na sentensi hiyo imetiwa vitabu vitatu vya marejeleo pembeni yake, vyote vya waandishi waliozungumza juu ya fasihi simulizi kwa jumla na wala si juu ya vugo. Nikafungua ukurasa wa shukrani. Ameshukuriwa Mwenyezi Mungu, wazazi, msimamizi, wanafunzi wenzake wa darasa, na nimeshukuriwa mimi kwa jina langu kamili kwa kuijalidi kazi ile. Mimi niliyetia gundi nikawemo, na aliyetoa nyimbo hayumo.

Nilimwita yule binti tukakaa. Si mtu mbaya, na sitaki asomaye barua hii adhani namshtaki. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama, ndivyo tulivyofunzwa. Wahojiwa hufichwa majina kwa ajili ya usiri. Na fasihi simulizi haina mwenyewe, hata sekondari tuliambiwa hivyo."

Nataka kuyajibu mambo hayo mawili, kwa sababu naamini ndiyo mzizi wenyewe.

Kuanzia sekondari watoto wetu hukaririshwa tofauti za fasihi simulizi na fasihi andishi, na moja ya tofauti hizo ni kwamba andishi ni mali ya mwandishi na simulizi ni mali ya jamii. Kama maelezo ya mtihani, ni sawa. Kuna wimbo wa kubembeleza mtoto ambao hata ukizunguka kutoka Lamu hadi Vanga hutampata wa kukuambia nani aliuanza. Lakini mtafiti anapokwenda nyanjani huku ameshaamini kwamba hakuna mtunzi, hatauliza, na hata akiambiwa hatasikia. Mbele yake alikuwa amekaa shahidi wa macho, anamtajia mtunzi, siku na sababu. Angeliandika hilo, tasnifu yake ingekuwa na jambo jipya ambalo hakuna kitabu chochote kati ya vile vitatu kinacholijua. Badala yake aliandika jambo lisilo kweli, akalitia marejeleo, na yeyote atakayesoma tasnifu ile miaka ishirini ijayo atainukuu kuthibitisha kwamba nyimbo za vugo hazina watunzi. Kutomtaja mtu hapa hakukumdhulumu yeye peke yake. Kumeharibu elimu yenyewe.

Ama usiri, nauheshimu sana. Mtu akimweleza mtafiti habari za maradhi yake, za madeni, za mtoto aliyetumbukia kwenye dawa za kulevya, za ndoa iliyovunjika, jina lake lifichwe na lifichike kabisa, hata mtaa usitajwe kama mtaa utamfichua. Nimewahi kuziona tasnifu za namna hiyo ambazo mtafiti alibadilisha jina akasahau kubadilisha kazi na umri, na kila aishiye hapa kisiwani angemjua mhusika. Huko usiri ukazwe zaidi. Lakini bingwa wa nyimbo, fundi wa majahazi, mjuzi wa mitishamba, mzee wa historia ya mji, hawa hawakuhojiwa kama wagonjwa. Walihojiwa kwa sababu wanajua. Wao ni walimu wa mtafiti, na ujuzi wao ndio kazi yao. Kumwita bingwa M4 ni sawa na kuandika "kitabu cha 4" bila jina la mwandishi, na hakuna msimamizi angekubali hilo.

Dawa yake ni nyepesi: mwulize. Fomu ya ridhaa ambayo mwanafunzi huipeleka nyanjani iwe na swali lililo wazi, nitaje jina lako au nilifiche, na lisomwe kwa sauti kwa asiyeweza kusoma, kwa Kiswahili cha nyumbani, na mtu apewe nafasi ya kufikiri na kuwauliza wanawe. Akisema fiche, ufiche. Akisema taja, umtaje kwa jina analojiita mwenyewe, na mtaa wake, na tarehe mliyozungumza. Nilimuuliza mamangu mkubwa kama aliulizwa. Alisema alitia dole gumba kwenye karatasi, akaambiwa ni ya ruhusa ya chuo. Nilipomweleza kwamba jina lake halimo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na la jirani?"

Wenye kudhani hili ni jambo dogo nawakumbusha tunavyomjua Muyaka bin Haji. Muyaka ni mshairi wa mji huu, wa zama za vita vya Mazrui, waliokuwa watawala wa Mombasa, na Seyyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, na alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalikuwa vinywani mwa watu. Mwishoni mwa karne hiyo, mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyakusanya na kuyafafanua, akishirikiana na mmishonari Mwingereza W. E. Taylor aliyekuwa akiishi hapa. Makaratasi ya Taylor yakaishia London, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa mashairi hayo kitabuni huko Johannesburg. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz naye akatoa kitabu chake juu ya Muyaka, chenye mashairi, tafsiri na maelezo. Leo tunamjua Mwalimu Sikujua kwa sababu jina lake liliandikwa. Kama mmishonari yule angeliandika "M4", mtu aliyeyakusanya mashairi ya Muyaka angekuwa amepotea, na heshima yote ingekuwa ya Mzungu aliyekuwa na kalamu. Sisi wenyewe leo, watoto wa hapa hapa, tunawafanyia mama zetu jambo ambalo hata wakati ule Mwalimu Sikujua hakufanyiwa.

Na kwa kuwa nimemtaja Muyaka, niseme na hili, maana nimelikuta mara nyingi mno. Mwanafunzi ananukuu shairi kisha anaandika pembeni: (Muyaka, 1940). Mwaka 1940 Muyaka alikuwa ameshalala kaburini karne nzima. Mwaka huo ni wa kitabu cha Hichens. Ukiandika hivyo umemfanya marehemu achapishe kitabu, umemfuta Hichens aliyehariri, umemfuta Taylor na Sikujua, na umemnyima msomaji nafasi ya kujua kwamba shairi hilo limepita mikono mingapi kabla ya kumfikia. Sema ni shairi la Muyaka, katika kitabu kilichohaririwa na Hichens, 1940, ukurasa fulani. Ukurasa ni muhimu, kwa sababu neno moja linaweza kusomwa hivi katika chapa moja na vingine katika nyingine; mashairi hayo yaliandikwa kwanza kwa hati ya Kiarabu, na kila aliyeyageuza kwa herufi za Kilatini alifanya uamuzi wake. Mwanafunzi anayejenga hoja nzima juu ya neno moja bila kusema amelisoma kwa nani anajenga juu ya mchanga.

Utajuaje kama mwanafunzi alikiona kitabu chenyewe? Mkutubi hujua. Kuna tasnifu nilizopanga rafuni ambazo zote ziliandika Hitchens, na t ndani yake, wakati jina la mtu huyo halina t. Mmoja alikosea, wa pili akanakili marejeleo kutoka kwa wa kwanza, wa tatu kutoka kwa wa pili, na hakuna aliyeinuka kwenda kwenye rafu kuangalia jalada. Kosa la herufi moja lilikuwa likinionyesha njia nzima waliyopitia. Kumtegemea mwenzako si haramu. Kama kitabu hukukipata, sema hivyo: kama alivyonukuliwa na fulani, mwaka fulani. Hapo umemheshimu aliyekitafuta kabla yako, na kama yeye alikosea kosa halitakuwa lako. Kinachoumiza ni kujifanya umesoma usichokisoma.

Walimu wengi sasa wametegemea programu za kupima ufanano, kama Turnitin. Mwanafunzi anakuja dukani amefurahi, "Mama, nimepata asilimia nane!" Programu ile hulinganisha maandishi na maandishi mengine iliyonayo. Kitabu cha zamani ambacho hakijaingizwa humo haikijui. Nukuu halali yenye alama zake inaweza kuihesabu kama ufanano, na orodha ya marejeleo pia, mpaka mtu aitoe. Mazungumzo ya mamangu mkubwa haikuyasikia kamwe, kwa hiyo tasnifu ya vugo ilipita humo safi kabisa. Asilimia ndogo haimaanishi uaminifu, na asilimia kubwa peke yake haimaanishi wizi. Lazima mtu asome.

Jambo ambalo mashine hizo hulikosa mara nyingi, na linalotuhusu sisi tunaoandika kwa Kiswahili kuliko wengine, ni tafsiri. Mwanafunzi anachukua makala ya Kiingereza, anaigeuza Kiswahili kwa kompyuta, anarekebisha hapa na pale, na inakuwa sura yake ya pili. Nimeyaona kwa macho yangu kwa sababu Kiswahili chake hakikai sawa: sentensi imelala kama iliyotoka safari ndefu, na katikati linatokea neno la Kiingereza ambalo mashine ililishindwa. Kutafsiri ni kazi kubwa na ya heshima, na lugha yetu inaihitaji. Mwenye kutafsiri aseme ametafsiri, na aseme hoja ni ya nani. Kubadilisha lugha hakukupi hoja ya mwenzako.

Halafu zimekuja programu za akili unde. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 naona marejeleo ambayo ukutubi wangu wote haukuniandaa kwayo: jina la mwandishi wa kweli, jina la jarida la kweli, mwaka, juzuu, kurasa, na makala yenyewe haipo duniani. Programu hizo huunda maneno yanayofanana na marejeleo, kwa sababu kazi yake ni kupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Huko New York mwaka 2023 mawakili wawili walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani hukumu za kesi ambazo programu hiyo ilizizua. Ikiwa wakili alinaswa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anahitaji kusaidiwa mapema. Ninachowaambia wanaokuja kwangu ni hiki tu: usiandike marejeleo ya kitu ambacho hukukifungua kwa mkono wako au kwa jicho lako.

Kuna wanaoniambia, "Mama, mwenyewe amekufa zamani, hakimiliki imekwisha, kwa nini nimtaje?" Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na humruhusu mtafiti au mhakiki kutumia sehemu ya kazi kwa kiasi cha haki, ikiwa atataja chanzo. Mashairi ya Muyaka hayako tena chini ya ulinzi huo, unaweza kuyachapisha yote kesho. Lakini ukiyanukuu katika utafiti bado unamtaja, kwa sababu msomaji anataka kujua na ana haki ya kurudi kuhakiki. Na kwa mambo ya mdomo tunayo sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni, inayotambua kwamba jamii ni wenye maarifa yao na kwamba anayetaka kuyatumia nje ya desturi aombe idhini. Kwa hiyo hata hiyo kauli ya "mali ya jamii" haina maana ya mali isiyo na mwenyewe.

Kuna mwalimu mmoja tuliyejadiliana naye dukani, mtu mwema, akaniambia tatizo ni mtindo wa marejeleo. Katika mtindo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, mazungumzo ya ana kwa ana hayaingii kwenye orodha ya mwisho, kwa sababu msomaji hana njia ya kuyafikia. Hutajwa ndani ya matini tu. Ni kweli. Lakini kutajwa ndani ya matini ni kutajwa pia, kwa jina na tarehe, si kwa M4. Toleo la saba la mwongozo huo, lililotoka 2019, limeweka hata maelezo ya jinsi ya kutaja maarifa ya wenyeji yanayopokewa kwa mdomo. Na hoja yenyewe, kwamba msomaji hawezi kuyafikia mazungumzo, inatuonyesha tulipolala. Kwa nini hawezi kuyafikia? Nilimuuliza yule binti rekodi ziko wapi. Zilikuwa kwenye simu, na simu ilikwapuliwa kwenye matatu. Alasiri zote zile za Kibokoni, sauti ya mama mwenye umri ule, maelezo ya ubeti kwa ubeti, zimekwenda na simu.

Kwa hiyo ombi langu kwa idara za Kiswahili, za historia na za masomo ya jamii katika vyuo vya Mombasa na Kilifi ni hili. Mwanafunzi anayerekodi wazee akabidhi rekodi maktabani pamoja na tasnifu, zikiwa na majina ya walioridhia kutajwa, tarehe na mahali, kama anavyokabidhi nakala zilizojalidiwa. Maktaba izitie namba. Hapo mazungumzo yatakuwa chanzo ambacho mtu anaweza kukifikia, yataingia kwenye orodha ya marejeleo kwa halali yake, na mwanafunzi wa baadaye ataweza kumsikia mtoa habari mwenyewe, akapinga au kukubali tafsiri ya mwenzake. Makumbusho ya Fort Jesus nayo ina maktaba na watafiti. Sioni kwa nini vyuo visikubaliane nao wapewe nakala za mambo yanayouhusu mji huu. Mwanafunzi naye arudi kwa aliyempa ujuzi, ampelekee walau sura yenye maneno yake, amsomee kama hawezi kusoma, ili mwenye ujuzi amsahihishe kabla ya kujalidi. Yule mama angeigundua sentensi ile ya sura ya pili kwa dakika moja.

Na haya yafunzwe mwaka wa kwanza. Wanaokuja kwangu usiku wa mwisho wakiwa na orodha ya marejeleo mikononi hawajui jarida ni lipi na juzuu ni lipi, si kwa uvivu, bali kwa sababu hakuna aliyewaketisha akawaonyesha kitabu, hapa ndipo penye jina la mhariri, hapa ndipo penye mwaka wa chapa. Mkutubi anaweza kuifanya kazi hiyo kwa asubuhi mbili akipewa darasa. Wakutubi wapo vyuoni, wanalipwa, na mara nyingi hawaitwi.

Binti wa vugo ameniambia ataandika makala kutokana na tasnifu yake. Amesharudi Kibokoni na daftari, safari hii na simu ya kuazima, na mamangu mkubwa ameanza kumwimbia upya. Nimemwomba msimamizi wake, kupitia yeye, akubali ukurasa wa masahihisho ubandikwe katika nakala ya maktaba, wenye jina la mwimbaji, la somo yake, na la jirani aliyetunga ubeti wa tatu. Bado nangoja jibu, na karatasi ya kuuchapa ukurasa huo naitoa mimi.

Mkutubi mstaafu na mjalidi wa vitabu,
Tudor, Mombasa